Kamera Nne na Mtaro Mmoja

Benchi la pale konani ni ubao mmoja juu ya matofali, na anayekaa katikati hupigwa viwiko kutoka pande zote mbili. Asubuhi hiyo katikati alikaa Taratibu, mpaka rangi, amelipakata boksi la kamera nne za ulinzi kama mtu aliyekabidhiwa kichanga. Wiki iliyopita, mchana kweupe, mwizi aliingia kwake akaondoka na cherehani kubwa ya mkewe, ile ya mota iliyofungwa kwenye meza yake ya chuma. Mkewe hakupiga kelele. Alikunja vitambaa vya wateja, akahamia kwa dada yake, akasema atarudi siku nyumba itakapopata macho. Taratibu akamtumia ujumbe kwamba kamera anafunga leo. Ngazi alikuwa nayo, misumari alikuwa nayo. Ilibaki kuamua kamera zikae wapi, na hilo ndilo alilokuja kuuliza kijiweni, Mungu amsamehe.

— Kwanza tuzione! alisema Waya, fundi redio, akachomoa moja kabla hajaruhusiwa. Aisee, hii kitu si mchezo! Inaona gizani, mvua haiiwezi, na picha unaipata kwenye simu popote ulipo.

— Simu ikiwa na bando, alisema Bi Buli, muuza kahawa, huku akimimina. Na umeme usipokatika.

— Bi Buli, usitutie nuksi.

— Hebu nipisheni mimi, alisema Komandoo. Huyu alilinda ghala miaka na miaka, akastaafu na rungu lake. Moja weka getini, juu kabisa, mwizi asiifikie kwa mkono. Ya pili mlango wa nyuma. Ya tatu chumba cha cherehani.

Taratibu alifurahi. Hayo yalikuwa maneno ya mtu mzima.

— Na ya nne, kaka?

— Ya nne iziangalie hizo tatu.

— Kwa nini tena?

— Kamera nayo si mali? Ikiibwa, shahidi nani?

— Na hiyo ya nne ikiibwa?

Komandoo alipuliza kahawa yake.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nunua ya tano.

— Wapi! alidakia Waya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ufa wa nini? Tujenge ukuta moja kwa moja, kamera tuzipange juu yake! Halafu angalieni hapa. Ina spika! Maana yake inaweza kusema. Mimi naifundisha kukohoa.

— Kukohoa?

— Kile kikohozi cha baba mkwe, cha kukufanya uvae shati vizuri. Mwizi akikisikia, mbio!

— Isikohoe, isalimie! Komandoo alikuwa ameshasimama, kahawa inamwagikia viatu. Mwizi wa siku hizi kalelewa, bwana. Ukimwambia "habari za kazi", lazima ajibu "nzuri". Akishajibu, sauti tunayo! Tunazunguka mtaani tunasalimia watu mmoja mmoja mpaka tunamkamata!

Taratibu alicheka hadi boksi likataka kumponyoka. Tangu mkewe aondoke hakuwahi kucheka hivyo, na sasa alijiona kabisa yuko juu ya ngazi, mkewe chini amemshikia, akimwambia sogeza kushoto kidogo.

— Lakini moja haitoshi kunasa sura zote, alisema Waya. Cherehani ile na meza yake! Lile lilikuwa genge. Watu sita na lori.

— Sita? Kumi! alisema Komandoo. Walipita juu ya paa.

— Paa mbona zima, kaka?

— Hapo ndipo ujue ni mafundi. Walirudishia bati.

— Na nyinyi si mnashinda hapa? aliuliza Bi Buli. Hilo lori hamkulisikia?

— Geti langu liko nyuma ya kona, Bi Buli, halionekani kutoka hapa, alisema Taratibu.

— Na siku ile tulikuwa na shughuli zetu, alisema Komandoo kwa fahari. Si ndiyo siku ya yule kijana wa mkokoteni? Gurudumu limezama hapo mtaroni, na juu kapakia kabati la mama yake mgonjwa, kalifunika turubai. Tukalishusha, tukanasua gurudumu, tukalipandisha tena. Tenda wema uende zako. Sisi tukatenda, yeye akaenda zake.

— Ana adabu yule kijana, Taratibu aliunga mkono. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Bi Buli aliutazama mtaro, akaanza kufuta kikombe kilichokuwa kikavu.

Mara mkewe Taratibu akatokea konani, jasho linamtoka, vumbi hadi magotini. Taratibu aliruka na boksi lake.

— Mke wangu! Umerudi! Kamera hizi hapa, nne!

— Nimeziona. Hamjambo, mashemeji?

— Hatujambo, shemeji! Karibu sana!

— Nimekuja na cherehani ya dada, ya meza ya chuma kama ile yangu, kaniazima. Lakini mkokoteni umekwama hapo mtaroni. Mimi na msukumaji, watu wawili wazima, tumeshindwa hata kuutikisa.

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akageuka kuutazama mtaro, kisha akawageukia wao.

— Jana jirani kanipigia simu. Kumbe siku ile alimwona mwizi akitoka. Kijana mmoja na mkokoteni, akadhani nimemtuma mimi. Sasa nauliza tu. Mwizi alikuwa peke yake. Hapa mtaroni alipitaje?

Waya aliirudisha kamera ndani ya boksi, polepole sana. Komandoo alitazama viatu vyake. Taratibu alitazama viganja vyake mwenyewe, akakumbuka uzito ule, akakumbuka chuma baridi chini ya turubai, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alikuwa ameshika mguu wa nyuma.

— Niongezee kahawa, alisema Komandoo.

— Imekwisha, alisema Bi Buli.

Mkewe Taratibu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa mumewe alisimama hapo, akamsoma uso wote, na midomo ikaanza kumcheza. Alijaribu kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka kikubwa hadi akashika benchi.

— Haya, inukeni! alisema alipopata pumzi. Getini moja, nyuma moja, chumbani kwangu moja. Ya nne ifungwe hapa, iwaangalie nyinyi. Na sasa njooni mninyanyulie cherehani, maana mikono mnayo.

Waliinuka wote kwa pamoja, wakaenda mtaroni. Taratibu alishika mguu wa nyuma, Waya wa mbele. Komandoo alipeleka mkono kwenye meza ya chuma, akausimamisha hewani, akakohoa kile kikohozi cha baba mkwe.

— Samahani, shemeji. Hii mashine ni ya nani?

— Ya dada yangu, shemeji, alisema mkewe Taratibu. Na swali la siku ile ndilo hilo.