Kiti cha Bibi Namelok

Nani alikitoa kile kiti kwenye mstari wa mnada? Wachungaji, wazee wangu shikamooni, waombolezaji wote, hilo ndilo swali aliloliuliza marehemu baba yetu, Ephraimu Lesian, kwa karibu miaka minane, na kwa kuwa jeneza lake liko mbele yetu, naomba tusizungushe maneno.

Alizaliwa Oldonyo Sambu tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa tatu wa mzee Lesian na Bibi Namelok, akasoma shule ya msingi ya hapo kijijini kuanzia 1963 hadi 1969, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1978 akafungua karakana yake Kaloleni. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu Theresia, wakajenga hapa Moshono, Mungu akawajalia watoto wanne, mimi Nanyori nikiwa kitindamimba.

Kamati ya mazishi iliniomba niandike kwamba marehemu alikuwa mtengenezaji wa samani, eti inapendeza zaidi. Siandiki hivyo. Baba alitengeneza viti vya chooni. Mwaka 1999 Bibi Namelok, magoti yakiwa yamekataa kuchuchumaa, alianguka kwenye choo cha shimo akavunjika mkono, akaanza kususia chakula ili asilazimike kwenda tena, ndipo mwanawe akamkalisha kwenye beseni la mchanga uliolowa, akapima alama iliyobaki, akachonga kiti cha mbao za mringaringa chenye tundu la umbo hilohilo, miguu ya nyuma mirefu kidogo kwa sababu sakafu ya choo ina mteremko, kila mguu umevishwa raba ya tairi usiteleze, na mikono imeshuka kwa mbele ili mtu ainuke kwa kujisukuma mwenyewe, bila kuita mjukuu. Bibi akala, akaishi miaka kumi na mmoja zaidi.

Nanyi mkacheka. Mlimpigia kelele barabarani, "Fundi Choo, leo umempima nani?", kisha jioni mkaja kuagiza, mkaondoka na viti vimefungwa kwenye shuka, mkiwaambia majirani ni viti vya bustani, watu wasio na bustani. Daftari la vipimo ninalo mimi, majina yamo na upana wa kila mtu umo, msihofu, silisomi.

Jumapili ya mavuno, tarehe 2 Julai 2017, alipeleka kanisani kiti kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akakipanga nje kwenye mstari wa mnada, kati ya mikungu ya ndizi na majogoo, kwa kuwa sadaka ni kile kilicho bora katika kazi ya mikono yako. Ibada ilipoisha na mnada ukaanza, kiti hakikuwepo. Kilikutwa Jumatatu nyuma ya jiko la kanisa, chini ya magunia. Baba alimshuku mzee Elinami, aliyekuwa akinadi, kwa sababu asubuhi ile alimtania, "Ephraimu, na hicho nacho tukipigie vigelegele?", na ingawa mzee Elinami aliapa mbele ya mchungaji, wanaume hawa wawili waliotahiriwa pamoja hawakusalimiana tena, wala baba hakupeleka tena kitu mnadani.

Novemba 2023 kiharusi kilimpiga upande wa kulia, akategemea kiti cha kazi yake mwenyewe, na tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Moshono waliopika na kukaa nasi, mafundi wenzake wa Kaloleni walioranda mbao za jeneza hili kwa randa yake mwenyewe, na mzee Elinami, ambaye amekuja hata hivyo, akakaa mstari wa mwisho kama mshtakiwa.

Nimewasema sana, nami nimesomeshwa kwa viti hivyohivyo hadi chuo kikuu, kusema najua. Jumapili ile ya mavuno wazazi wa mchumba wangu walikuwa wametoka Dar es Salaam kuja kutuona, tukawa nao kanisani, nilikuwa nimewaambia baba yangu ni mbunifu wa samani, na ibada ikiwa inaendelea nikatoka nje kama mtu anayekwenda kupokea simu. Mzee Elinami, tafadhali njoo mbele ukae na familia. Baba, sasa unaweza kupumzika, swali lako lina jibu: nilikitoa mimi.