Mvua Haifungiwi Ghalani

Tarehe 31 Desemba 1976, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Fundi Sounhadj atakabidhi funguo za Kituo cha Vipimo vya Mvua, Moroni. Funguo tu. Ofisi moja ya juu imeagiza kwamba, akishaondoka, takwimu za mvua za visiwa vyote vya Komoro zifungiwe ghalani na upimaji usimame, kwa kuwa eti hana wa kumrithi. Jarida hili la wapimaji linamuaga Fundi, na papo hapo linaijibu ofisi hiyo.

Mzaliwa wa Mutsamudu, aliajiriwa kumwaga maji ya vipimo baada ya Mzungu kuyasoma. Hakuwa mpole hata siku moja: aligombana na kila mkuu aliyemkuta, na sauti yake ilivuka ukuta wa kituo kabla yake.

Mwaka jana, uhuru ulipotangazwa, wataalamu wa kigeni walifungasha vipimo vyao vya shaba, wakatuachia utabiri mmoja: msimu ukipita, hatakuwapo Mkomoro anayejua mvua imenyesha kiasi gani. Fundi akapita mji kwa mji akigawa makopo matupu ya maziwa ya unga, yote ya aina moja, ya kukingia mvua, na rula za shule za kuipimia.

Mji wa Itsandra hawakuhitaji kuhubiriwa. Wanakunywa maji ya birika, tangi la kuhifadhia mvua, na birika lisilojua mvua yake hujengwa kwa kubahatisha. Ugomvi ulikuwa kwingine. Mutsamudu, walio kisiwa kingine, hawakutaka takwimu zao ziende Moroni, wakidai Moroni humeza kila kitu. Moroni nao walitaka kupokea bila kutoa. Fundi akaweka sharti: anayetoa hupewa za wote, anayeficha hubaki na zake. Kila Ijumaa baada ya swala, katika viwanja vya miji yote miwili, takwimu husomwa hadharani. Mji usioleta hutajwa jina, kisha msomaji hunyamaza.

Kimya hicho kiliogopwa mno. Kopo la Mama Faouzia, mpimaji wa mji wa Patsy, liliwahi kuazimwa kupimia mchele wa harusi. Naye, akikwepa aibu, akaleta sifuri katika juma la gharika. Wachukuzi wa bandari ya Mutsamudu, wanaosafirisha takwimu kwa kila chombo kinachovuka, walimpokea kwa kelele: "Mama, Patsy mmenyeshewa pilau?" Naye hakukubali kushindwa: "Mngealikwa nyinyi, mngekula hata kopo lenyewe!"

Fundi alifoka, kama kawaida yake. Lakini Ijumaa iliyofuata alisimama, akataja kituo chake mwenyewe, akanyamaza: homa ilikuwa imemlaza, hakupima. Tangu hapo, kwetu pengo si aibu. Aibu ni uongo.

Basi ofisi na ilete kufuli! Italifunga ghala gani? Takwimu za Moroni ziko Patsy, za Patsy ziko Itsandra, za Itsandra ziko bandarini mikononi mwa wachukuzi. Watalazimika kufunga kila ua wenye kopo, na kila kinywa kilichosikia. Waliotutabiria ujinga walishindwa. Watakaotuamuru ujinga hawatafaulu zaidi.

Ijumaa iliyopita tulimkataza Fundi kufungua kinywa. Aliketi nyuma kabisa, na mchukuzi Mouridi ndiye aliyesoma. Miji yote ilikuwa imeleta. Uwanjani hapakuwa na kimya hata kimoja, isipokuwa cha Fundi.

Ahsante, Fundi Sounhadj. Mungu akupe afya na raha nyumbani Mutsamudu. Mvua ikinyesha, kaa ndani: wapimaji tupo.