Bi Tanuri na Kauri Isiyo na Risasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mkuu wa Maabara ya Kauri, ambaye sote tunamwita Bi Tanuri, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alianza kama mtafiti msaidizi wa kauri zinazotoa umeme zikikandamizwa, zile zinazotumika kwenye mashine za kuwapimia wajawazito. Wakati huo zote zilizokuwa na nguvu zilikuwa na madini ya risasi. Mdogo wake, fundi wa betri, alikuwa amedhurika na sumu ya madini hayohayo hadi mikono ikawa inatetemeka. Bi Tanuri akajifunga kibwebwe: atatengeneza kauri kali isiyo na risasi, na mdogo wake hatakanyaga maabara hii mpaka chembe ya mwisho itoke.

Haikuwa lelemama. Sampuli yake bora ilitoa umeme mwingi asubuhi, mchana ikalegea kama mwanafunzi aliyeshiba. Wakubwa walisema kifaa cha kupimia ni kibovu; wengine walimshauri arudi kwenye risasi, yaishe. Yeye akaona kwamba kiyoyozi kimeharibika, na kwamba chumba kikipata joto ndipo kauri inapolegea. Fundi wa kiyoyozi alipofika, Bi Tanuri alimrudisha akiwa mlangoni, ili aichunguze kauri katika joto hilohilo. Tulitoka jasho wiki nzima, na manung'uniko yetu aliyasikia vizuri tu.

Akaipasha sampuli joto polepole huku akiipima. Ikabainika kwamba fuwele zake zina maumbo mawili, na penye mpaka wa maumbo hayo hazijaegemea upande wowote. Hapo msukumo mdogo tu unatosha kugeuza mwelekeo wa chaji zake, na ndiko umeme mwingi unakotoka. Joto la mchana lilikuwa likizivusha mpaka huo.

Kujua chanzo ni jambo moja; kuutuliza mpaka huo usivurugwe na joto ni jingine. Alibadilisha michanganyiko mwaka baada ya mwaka, akatuchosha sote, yeye asichoke. Ole wake aliyepima unga wa kutengenezea kauri kabla ya kuukausha, maana hunywa unyevu wa hewa na kudanganya mizani. Leo kauri yake haijali asubuhi wala mchana.

Mwezi uliopita kopo la mwisho la risasi liliondolewa. Wiki iliyofuata mdogo wake aliingia maabara kwa mara ya kwanza, akaibana kauri kwa kidole gumba kinachotetemeka, na mshale wa mita ukapanda. Bi Tanuri, ambaye hatujawahi kumwona akilia, alilia.

Asante, dada yetu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na maisha mema, wewe na mdogo wako.