Waziri Asiyesomesha Mtu

Nilichoona kwanza ni khanga ya mama wa mbele yangu kwenye basi la Nanyamba. Ilikuwa na picha ya waziri wetu mstaafu.

"Mama, bado unamvaa huyo?" aliuliza mwalimu aliyekaa naye, madaftari mapajani. "Kashika Fedha, kashika Mambo ya Nje, kwao hajasomesha hata mtoto mmoja." Alisema kama anasahihisha mtihani.

"Huko Ulaya alikuwa anatuombea, mwalimu."

"Anatuombea nini, mvua?"

Abiria walicheka, nami nikacheka nao. Yule mama alikuwa bado anabisha niliposhuka Mtawanya.

Waziri huyo alinisomesha mimi. Nilirudi likizo kuchezwa unyago, nikaona haya kukaa tena darasani na watoto, nikaacha shule. Aliniandikia kuniuliza sababu. Sikumjibu.