Ndege Mpya na Goti la Mzee Simeo

Benchi letu liko pembeni ya stendi ya Korogwe, jirani na meza ya kahawa ya Mama Hosiana. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Kuna Sabiri, tunamwita Bodi, fundi wa siti za mabasi. Ukipanda basi magoti yakagusa kidevu, jua mkono wake umepita humo. Kuna Zaidi, mkulima wa mahindi wa Kwaluguru kule Handeni, jina la kijiweni Takwimu, maana hajawahi kukosa namba, hata ya kitu kisichohesabika. Na kuna mimi, Kimataifa. Nimefika nchi saba, sita kati ya hizo nilizifahamu kwa maegesho ya malori. Ndege nimepanda mara tatu, zote nililala mdomo wazi, kwa hiyo mimi ndiye mtaalamu wa anga hapa. Jumatano hiyo tulikuwa na mgeni: mzee Simeo, kashuka alfajiri kutoka Vugiri, mkononi suti ndani ya mfuko wa nailoni, mfukoni tiketi ya ndege ya kesho, Dar kwenda Mwanza. Jumamosi binti yake Upendo anafunga ndoa, na baba ndiye wa kumshika mkono mpaka madhabahuni. Shida ni goti. Tangu aangukiwe na gogo la mkaratusi, mguu mmoja haukunjiki kabisa. Ulikuwa umelala pale mbele ya benchi, na kila aliyefuata kahawa aliuruka.

— Hivi huko kwenye ndege, mguu kama huu wanauweka wapi? mzee akauliza. Basi la Dar ni saa nne. Nataka kujua kabla sijapanda.

Angeuliza bei ya tangawizi, angejibiwa kwa neno moja. Lakini aligusa ndege, na mimi nilikuwa na simu yenye habari.

— Mzee, usipate presha. Kuna kiwanda ng'ambo kinabuni ndege mpya. Nyembamba, njia moja katikati, siti tatu huku, tatu kule. Mabawa marefu kama umaskini, na ncha zake zinakunjwa ikifika uwanjani ili isigombane na wenzake.

— Bawa linakunjwa, mzee akasema taratibu, na mimi goti limenishinda.

— Sasa sikia utamu: njia ya katikati wameipanua. Toroli la chai linapishana na mtu.

— Na mguu?

— Na mguu!

Uso wa mzee ukachanua.

— Inaanza kuruka lini?

— Miaka kumi ijayo, Mungu akipenda.

— Harusi ni Jumamosi.

— Ndiyo maana tunaijadili mapema, alisema Takwimu. Tuanze na soko. Korogwe tupo kama laki mbili na nusu. Kila mtu akipanda mara moja kwa mwaka, gawa kwa watu mia na themanini, unapata ndege nne kwa siku. Nne! Na sijagusa Handeni.

— Zitatua wapi, mgosi? nikamuuliza.

— Kwaluguru. Shambani kwangu, tukishavuna.

— Na masika?

— Masika soko hushuka dunia nzima.

Mama Hosiana alimimina kahawa bila kutazama mtu. Amezoea, mwaka juzi tulijenga bandari hapo hapo.

— Mnaongelea soko, ubunifu mnaujua? Bodi akatoa futi yake ya chuma, ile anayotembea nayo kama rozari. Kanuni ya abiria ni moja, ya basi na ya ndege. Unapunguza sentimita tano kila mstari. Nani atagundua? Ukifika nyuma umepata mstari mzima wa bure. Bandu bandu huisha gogo!

Mzee Simeo, aliyesikia neno gogo, alijishika goti.

— Kwa hiyo hiyo njia waliyoipanua...

— Wameharibu! Nipeni hiyo ndege gereji kwangu wiki moja tu, inatoka na watu mia mbili arobaini. Na nyuma pale benchi la watu saba.

— Na kuchimba dawa je? Takwimu akauliza. Abiria wa basi amezoea kushuka Mkata. Huko juu anashukia wapi?

— Kuna choo, nikasema.

— Kimoja kwa watu mia mbili arobaini? Hapo soko limekufa.

Bodi hakumsikia. Alishachukua vigoda viwili vya Mama Hosiana, akavipanga kimoja nyuma ya mwenzake, akapima, akasogeza, akapima tena.

— Mzee, kaa hapa. Hii ndiyo ndege.

Mzee wa watu akakaa. Mguu ukakisukuma kigoda cha mbele mpaka kikapinduka.

— Abiria wa mbele kafa, alisema Takwimu.

— Tutoboe sakafu, nikashauri, na nilishauri kwa dhati kabisa. Mguu ushuke kwenye buti. Usafiri kama mzigo.

— Huko juu baridi, Bodi akasema. Utafika umeganda.

— Basi uvalishwe soksi mbili. Na rubani aambiwe.

— Mzee, usiogope, alisema Takwimu, akimpigapiga bega. Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani.

Sijui alidhani anafariji nini. Mzee Simeo aliinuka polepole, akachukua mfuko wake wa suti.

— Wanangu, nawashukuru. Nimeelewa kwamba sitatosha. Ngoja nikaulizie basi la moja kwa moja Mwanza. Mwaka juzi nilipanda, mguu ukavimba siku nne sikusimama. Huenda safari hii ukavimba mbili. Ikishindikana, Upendo atashikwa mkono na mjomba wake.

Akaondoka kuelekea ofisi za tiketi. Tulimsikitikia sana, kama dakika moja. Kisha Bodi akasema kosa lilikuwa la kigoda, si la ndege, na Takwimu akaanza kuhesabu wazee wenye magoti mabovu Tanzania nzima, akafika milioni tatu, akasema hilo pekee ni soko.

Alikuwa anatafuta asilimia yao ndipo Edna, dada anayekatisha tiketi za mabasi, alipokuja mbio, simu sikioni.

— Nyie, mzee wa Vugiri kaja kwangu. Nimeona ana tiketi ya ndege, nikapiga namba iliyoandikwa hapo hapo juu yake.

— Namba? alisema Bodi.

— Ya simu. Mliipiga?

Takwimu alitazama kikombe chake.

— Watu wa ndege wamesema hakuna shida, wanampa siti ya mstari wa kwanza, hakuna kiti mbele yake. Mzee mwenyewe kaingia chooni, na dada wa ndege anasubiri hewani, salio langu linakata. Anauliza kitu kimoja tu, ajue amkalishe upande gani. Mguu usiokunjika ni upi, wa kulia au wa kushoto?

— Kushoto, alisema Bodi.

— Kulia, alisema Takwimu. Magogo mengi huangukia kulia.

Edna akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeuruka ule mguu mara nne kufuata kahawa. Nikakohoa.

Kule mwisho wa stendi mlango wa choo ukafunguka, mzee Simeo akatoka na mfuko wake. Tukasimama wote watatu, Bodi na futi yake mkononi, tukainama kidogo, tukamtazama anavyotembea.