Bi Bandua na Mkono wa Tano

Ijumaa hii, tarehe thelathini, king'ora cha saa kumi jioni kikilia, Bi Bandua atavua ovaroli yake ya kijivu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne katika karakana hii ya magari. Ofisi imenipa ukurasa mmoja wa kumuaga, utakaosomwa kwenye sherehe yake siku hiyohiyo, na kuniambia niandike mazuri tu. Mazuri yake hayaenei kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo nimejiongezea wa pili. Kuhusu hilo neno "tu", tutaelewana hukohuko mbele.

Mimi ninayeandika ni msugua msasa wa chumba cha rangi. Mwaka wa kumi na moja huu ninasafisha grili, zile nyavu za mbele ya magari, na kubandika tepu ya karatasi, kisha yeye anapiga rangi. Nimeutazama mgongo wake zaidi kuliko nilivyoutazama uso wa mke wangu, na mke wangu analijua hilo.

Aliingia hapa akiwa na miaka thelathini na mmoja, kazi yake kuosha makopo na mabomba ya kupulizia rangi. Mafundi wa wakati ule, wanaume watupu, walimwambia mwanamke hawezi kustahimili harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Akawajibu kwamba yeye amelea watoto wanne katika chumba kimoja, kwa hiyo thina kwake ni marashi. Haikupita miaka mitatu, yeye alikuwa ameshika bomba na walewale mafundi walikuwa wanamshikia taa.

Jina la Bi Bandua alilipata miaka kumi na minne iliyopita, ilipotufikia rangi ya kubandua. Kwa wageni wetu wasioijua, hii ni rangi inayokauka ikawa kama mpira mwembamba. Mtu ana grili ya nikeli inayong'aa, ameichoka, anaitaka nyeusi iliyofifia. Tunampigia. Siku akiichoka nyeusi, anasugua pembeni kwa kidole gumba, anainua, anavuta, na rangi inatoka kama utando wa juu ya maziwa. Nikeli yake anaikuta chini palepale alipoiacha. Mafundi wengi waliidharau, wakasema rangi isiyodumu ni utoto. Bi Bandua aliipenda siku hiyohiyo. Alisema binadamu hubadili mawazo, na fundi asiyelijua hilo bado hajaolewa.

Vituko alivyoviona ni vingi. Kuna bwana harusi aliyeazima gari la baba mkwe wake bila kumwambia kwamba atalipaka rangi. Ijumaa tukampigia grili na mikanda ya nikeli ya milangoni rangi ya zabibu, Jumamosi akaoa, Jumapili jioni akabandua yote na kulirudisha gari likiwa limeoshwa. Baba mkwe akamsifu kwa adabu ya kurudisha kitu kikiwa safi. Hadi leo hajui, na kama amealikwa kwenye sherehe hii, basi shikamoo mzee, na samahani.

Kuna na yule bwana mkubwa aliyetaka grili, nembo na rimu zote nne ziwe za dhahabu. Bi Bandua alimshauri kwa upole aanze na nembo. Akajibiwa kwamba mteja ni mfalme. Haya, mfalme akapigiwa dhahabu. Wiki ya tatu akarudi kwa geti la nyuma, kofia imemfika puani, akiomba abanduliwe haraka kabla wanawe hawajatoka shule. Bi Bandua hakucheka hata chembe. Alimbandulia, akamkunjia ile dhahabu kwenye gazeti, akampa mkononi, akamsindikiza hadi getini. Kisha akaingia stoo, akafunga mlango, na sisi tuliokuwa nje tukasikia makopo yanatikisika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo mhazili wetu amenisihi nisiliguse. Nimemwambia achape tu, lawama ni zangu.

Bi Bandua alishawahi kukosea. Mwaka wa kwanza wa rangi hiyo, mwalimu mmoja mstaafu alileta gari lake ili mikanda minne ya nikeli ya milangoni iwe nyeusi. Bi Bandua akaipiga mikono mitatu, kwa maana ya kupulizia mara tatu na kuacha ikauke kila mara. Ikapendeza, mwalimu akaondoka anapiga mluzi. Miaka miwili baadaye mwalimu akafariki. Mjane wake akataka gari lirudi kama lilivyokuwa siku waliyolinunua pamoja. Watu wakamwambia si kazi hiyo, wewe bandua tu. Akabandua. Kumbe mikono mitatu ni myembamba, haivutiki. Inakatika vipande vidogo kama punje za mchele, na kila punje inataka ukucha wake.

Bi Bandua alipokwenda kutoa pole, alimkuta mama wa watu yuko kwenye kigoda kando ya gari. Ilikuwa siku ya tatu, kucha zimepasuka, na alikuwa hajamaliza mkanda wa kwanza. Angeweza kusema rangi ilikuja mbovu, na nani angebisha? Alisema kosa ni lake. Akavua viatu, akaketi chini, wakasugua pamoja kwa kitambaa siku mbili nzima. Anasema aibu ile hajaisahau, na haombi aisahau.

Aliporudi kazini, grili ya kwanza aliyoishika aliipiga mikono mitano, na tangu hapo hajapunguza hata mmoja. Kila mgeni wa chumba cha rangi huuliza, jamani, mbona mitatu inatosha, macho hayaoni tofauti? Naye hujibu vilevile. Mitatu ni ya mwenye gari. Wa nne ni wa mvua na mawe ya barabarani. Wa tano ni wa yule atakayebandua, na huyo humjui, pengine hata hajazaliwa, lakini ana kucha kama zako.

Tangu mwezi uliopita kuna tangazo kwenye mlango wa chumba cha rangi. Linasema kuanzia tarehe mosi, yaani kesho ya sherehe hii, kazi zote za rangi ya kubandua zitapigwa mikono mitatu, magari yatoke mapema. Atakayezidisha atatoa maelezo kwa maandishi. Meneja wetu si mtu mbaya. Ni msikivu, anasalimia, na ndiye aliyetuletea feni ya pili. Tatizo lake ni moja, hajawahi kubandua. Yeye huliona gari linapotoka getini, na likitoka getini mitatu na mitano ni pacha.

Bi Bandua alimweleza. Akaandikiwa barua ya onyo. Akamweleza tena, akaandikiwa ya pili. Barua ya kwanza aliibandika ukutani, akaitumia kujaribia bomba kama linatoa rangi sawasawa. Ya pili ameihifadhi, kwa sababu karatasi yake ni nzito zaidi. Nayasema haya hadharani kwa kuwa anastaafu leo, na hakuna barua ya tatu itakayomkuta.

Wengi wenu mlishangaa mwaka jana alipofikisha umri wa kwenda kupumzika naye akaomba aongezewe mwaka mmoja. Mlisema mengi. Mkasema hapendi kukaa nyumbani, mkasema anaogopa wajukuu. Ukweli alinipa mimi, tukinywa chai juu ya madebe. Alisema haogopi kuondoka. Anaogopa kwamba siku atakayotoka getini, mkono wa tano utatoka naye, na sisi tutabaki tunapiga mitatu huku tukimsifu kwenye picha. Nilimwambia aache hizo. Akaniangalia, akamwaga chai yake iliyobaki, akarudi kazini. Iliniuma, maana hakuniamini, na nilijua kwa nini. Siku zake za likizo mimi ndiye hushika bomba, na nimepiga mitatu. Si mara moja. Tulikuwa wote tunapiga mitatu akigeuka, tukijiambia nani ataona.

Basi mama, jibu letu liko mezani. Hiyo meza mbele yako ina grili mbili chini ya kitambaa. Zote zimetoka kwenye gari la aina moja, zote nyeusi, na hakuna jicho humu ndani litakalozitofautisha. Ya kushoto imepigwa mikono mitatu, kama tangazo linavyoagiza. Tunamwomba Meneja, kwa heshima zote, asogee aibandue mwenyewe. Tumemwekea na kigoda.

Ya kulia ina mikono mitano. Hukuigusa wewe. Tuliipiga sisi wanne wa chumba cha rangi Jumanne, ulipokwenda kuchukua fomu zako za kustaafu. Niliiosha mimi, nikaikausha, nikabandika tepu, nikashika bomba, na kila mkono ulipokauka mwenzangu mmoja alikuja kuuhakiki kwa kidole gumba kama unavyofanya wewe. Mkono wa tano ulipokuwa unakauka, tulisimama wote wanne mlangoni, na wateja wawili wakasubiri. Walilalamika kidogo, kisha wakaomba chai.

Na wewe Meneja, tangazo lako linataka maelezo kwa maandishi kutoka kwa atakayezidisha. Maelezo yetu ndiyo haya unayoyasikia. Yasomeke hivyo leo, na yasomeke hivyo kila siku kuanzia kesho, maana sisi wanne tumeyatia saini nyuma ya ukurasa huu na hatuna mengine ya kuongeza. Ukitaka kutufukuza, tufukuze baada ya kubandua hiyo ya kushoto.

Bi Bandua, ahsante. Ahsante kwa kutufundisha kuosha kabla ya kupaka, na kutoa tepu rangi ikiwa bado mbichi. Ahsante kwa kutugombeza mbele ya wateja na kutusamehe stoo. Ahsante kwa kukaa chini pale kwa yule mjane, maana ungebaki umesimama, sisi sote leo tungekuwa mafundi wa kutoka getini tu. Wajukuu wakufaidi, miguu yako ipumzike, na asubuhi zako zisiwe na king'ora. Hayo tunakutakia kwa moyo mmoja.

Sasa inuka, shika pembe ya chini ya grili ya kulia, uvute. Ikitoka nzima, nenda nyumbani ukalale usingizi wako. Ikikatika hata punje moja, Jumatatu saa mbili tukukute getini na ovaroli yako.

Vuta, mama. Jumatatu hatukutarajii.