Kiguu na Njia: Tarishi Aliyeufundisha Mtaa Kupanda Baiskeli

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya chumba cha kushonea. Alitembea mapema kuliko ndugu zake wote, na tangu hapo hakutulia. Alipotumwa chumvi kwa jirani alipitia kila nyumba ya mtaa kabla ya kurudi nayo, ndipo mama yake akambandika jina la Kiguu na Njia. Jina la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti. Wiki hii wapo waliofika msibani, wakasoma tangazo mlangoni, wakauliza kama wamekosea nyumba.

Baba yake alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi, yenye taa ya dainamo na keria pana ya nyuma, aliyoitumia kuwapelekea wateja nguo zilizokwisha kushonwa. Watoto waliruhusiwa kuiosha, kuupaka mnyororo mafuta na kujaza upepo. Kuipanda, hapana, na kwa mtoto wa kike ilikuwa hapana mara mbili.

"Ukivunjika mguu nani atakuoa?" mama yake alimuuliza.

"Atakayeweza kunifikia," marehemu alijibu. Jibu hilo lilimpatia kofi, lakini hakulibadilisha.

Jumapili moja mchana, alipokuwa na miaka tisa, baba yake alikuwa amezama katika sare za shule zilizotakiwa Jumatatu. Marehemu akaitoa baiskeli polepole, akaisukuma hadi kiwanja cha shule. Kiti kilikuwa juu mno kwake. Akapitisha mguu chini ya chuma cha katikati, mwili ukining'inia upande mmoja kama nguo iliyoanikwa, akawa anakanyaga pedeli nusu nusu. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Magoti yalichubuka na kiwiko kikatoka damu. Jua lilipopunguza ukali, baiskeli ikakubali, ikaenda.

Shida ikaanzia hapo, maana alikuwa amejifunza kwenda tu. Breki zilikuwa mbali na vidole vyake, na kila alipopunguza mwendo chuma kiliyumba, akaogopa, akakanyaga zaidi. Akakizunguka kiwanja, akakizunguka tena. Habari zikafika nyumbani. Mama yake akaja mbio, mikono ina unga.

"Shuka!"

"Sijui kushuka, mama."

"Ulipandaje?"

"Kupanda ni rahisi."

Baba yake alifika nyuma, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alisimama katikati ya njia ya baiskeli, akatanua mikono kama mtu anayezuia ndama aliyekata kamba, akaikumbatia baiskeli na mtoto kwa pamoja, wote wakaenda chini. Akiwa bado amelala vumbini aliutazama usukani uliopinda, akatazama goti la binti yake, akacheka; naye hakuwa mtu wa kucheka.

"Kwenda umejua," alimwambia. "Kesho nitakufundisha kusimama."

Ndugu zake walisema hadi uzeeni kwamba somo hilo la pili halikumwingia. Lakini kuanzia juma lile, nguo za wateja zilipelekwa na yeye, na mama yake akaacha kuuliza habari za kuolewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza sekondari mwaka 1971. Walimu waliopokezana kumfundisha waliandika karibu maneno yale yale: ana akili, hakai. Aliomba dawati la karibu na mlango ili akiishiwa chaki mwalimu, wa kutumwa awe yeye. Jiografia aliipenda, lakini alilalamika kwamba wanafundishwa mito na milima wakiwa wamefungiwa ndani.

Januari 1972 alikwenda posta kuomba kazi ya tarishi wa telegramu. Msimamizi alimwambia kazi hiyo ni ya baiskeli na wanatafuta wanaume. Marehemu akatoka nje, akachukua baiskeli ya posta iliyoegemezwa ukutani, akaanza kulizunguka jengo. Kila alipopita dirishani, msimamizi alimwona, akarudi kwenye karatasi zake, akamwona tena.

"Dada, shuka, hiyo ni mali ya ofisi."

"Nikishuka nimepata kazi?"

Alipata. Kwa miaka mingi alikuwa mwanamke pekee katika kituo kile aliyevaa kofia ya tarishi, na hakukuwa na kichochoro asichokijua. Kazi yenyewe ilikuwa nzito kuliko baiskeli. Siku zile watu walipoona tarishi anakata kona kuja kwao, walishika vichwa kabla hajafika, maana telegramu nyingi zilikuwa za vifo. Marehemu hakuweza kuvumilia hofu ile. Kwa hiyo ilipokuwa habari njema alipiga kengele tangu mbali na kusema, "Ni ya heri, ni ya heri," ingawa taratibu zilimkataza kujua kilichomo. Habari ilipokuwa mbaya alikuja kimya, akaegemeza baiskeli, akaketi na mwenye nyumba hadi amalize kusoma, na mara nyingine hadi ndugu wafike. Wenzake walishangaa, kwani hakuna aliyewahi kumwona ameketi kwa jambo jingine lolote.

Mwaka 1974 alipeleka telegramu kwa fundi saa aliyekuwa na meza yake kwenye baraza ya duka la dawa. Fundi alikuwa amebana kioo jichoni, ameinamia saa ya mkononi.

"Weka hapo," alisema bila kuinua uso.

"Watu wakiona telegramu hutetemeka. Wewe unaniambia niweke hapo."

"Nikitetemeka, springi hii itaruka, na hatutaiona tena wewe wala mimi."

Marehemu akasubiri. Alipokuja kusimulia baadaye, alisema alikuwa hajawahi kumwona mtu anayeweza kukaa namna ile, na hakujua kama amuonee wivu au huruma. Telegramu ilikuwa ya vipuri vilivyochelewa. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975. Bwana harusi hakujua baiskeli, hivyo bibi harusi ndiye aliyembeba kwenye keria kwenda kuwasalimu wazee. Walipopita, watu waliuliza iweje mke ndiye dereva. Fundi akawajibu, "Mimi ni mzigo, na mzigo hauulizwi njia." Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana.

Familia imeona ni haki kusimulia pia mwaka 1988, kwa sababu yeye mwenyewe hakuuficha. Simu zilikuwa zimeingia majumbani na telegramu zimepungua. Marehemu alipandishwa cheo akawekwa kwenye kaunta ya stempu, nyuma ya wavu, juu ya kiti. Wenzake walimpongeza. Yeye akaanza kukonda. Nyumbani alihamisha makabati, akaosha vyombo vilivyo safi, akagombana na mumewe kwa sababu ya mlio wa saa ukutani. Asubuhi moja ya mwezi Machi alimwambia mumewe, "Nakwenda kumwona dada," akapanda baiskeli, akaenda. Dada yake mkubwa alikuwa akiishi mwendo wa kutwa nzima kutoka hapo. Mvua zikaja, zikaisha, hajarudi. Binti mkubwa, wa miaka kumi na miwili, akawa anapika. Mdogo wao alikimbilia mlangoni kila iliposikika kengele ya baiskeli, hadi wauza maziwa wakaacha kupiga kengele walipopita nyumba ile.

Wazee walimshauri fundi atume watu wakamrudishe mkewe. Akakataa. Badala yake akaazima baiskeli, na kila jioni akawa anajifunza nyuma ya duka la dawa, bintiye mkubwa akiwa ameshika keria. Mwanamume wa miaka arobaini aliyekaa kitako maisha yake yote, anaanguka mbele ya watoto wa watu. Alichana suruali. Kidole cha kushikia bisibisi kikavimba, saa za wateja zikalala. "Mzee mzima hovyo," walisema majirani, naye akajipangusa vumbi na kupanda tena.

Jumamosi moja ya mwezi Agosti marehemu alikuwa anakunja nguo ndani kwa dada yake. Akasikia kishindo kwenye ua, akatoka. Mumewe alikuwa amekaa chini, kiatu kimoja kimeingia katikati ya spoki.

"Umekujaje?"

"Unaniona nilivyokuja."

"Na kushuka?"

"Huko ndiko kushuka kwenyewe."

Marehemu alicheka hadi akalazimika kushika ukuta, na kicheko kikageuka kilio. Alimtoa kiatu, akamwosha jeraha la kiwiko, na muda wote hawakuangaliana.

"Sikukuchoka wewe," alisema mwishowe. "Nilichoka kukaa."

"Najua. Ningekuwa sijui, ningekuita. Nisingekufuata."

"Watoto wamenichukia?"

"Mkubwa, ndiyo. Hilo utakwenda kulimaliza mwenyewe."

Walirudi pamoja siku iliyofuata, kila mmoja na baiskeli yake. Kulimaliza hakukuwa rahisi. Binti mkubwa hakumsemesha mama yake hadi shule zilipofunguliwa, na marehemu hakumlazimisha. Aliamka kabla yake, akampikia, akamsindikiza kwa miguu, kimya kwa kimya, hadi siku binti alipomkabidhi mkoba amshikie.

Mwishoni mwa mwaka ule aliiacha kaunta. Akakusanya baiskeli mbovu, akazifufua kwa msaada wa fundi saa, ambaye alisema ni saa tu zilizokua kupita kiasi, na mwaka 1989 akaanza kufundisha kupanda baiskeli kwenye kiwanja cha mpira. Alifundisha watoto, wauguzi wa zamu, wanawake wenye wajukuu, na mchungaji mmoja aliyeomba afundishwe alfajiri ili asionekane. Hakuwa akimshikia mtu keria. Alikimbia pembeni akisema, "Tazama unakokwenda, usiitazame tairi, tairi haina habari." Wengi walioketi hapa leo wana kovu la goti kutoka kwake. Aliendelea hadi mwaka 2017, miguu ilipoanza kuvimba.

Madaktari walisema ni moyo. Waliagiza dawa, na waliagiza apumzike. "Wengine huandikiwa vidonge, mimi nimeandikiwa kiti," aliwaambia wageni. Kitanda chake kilihamishwa kila juma: dirishani, mlangoni, kisha sebuleni ili aone nani anapita. Mumewe alihamisha meza yake ya kazi, akakifuata. Mwaka huu wa mwisho ulikuwa mgumu. Pumzi ilipungua, usingizi ukakatika, na aliudhika na kila mkono uliomzuia kuinuka. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, alimwomba binti mkubwa amketishe kitandani, miguu iguse sakafu. Fundi alikuwa jikoni akichemsha chai. Marehemu akauegemeza mgongo kifuani kwa bintiye, akasema, "Fungueni mlango, ndani kuna joto." Binti alimwita baba yake aje aufungue. Alipoufungua na kugeuka, mkewe alikuwa ameshakwenda.

Marehemu ameacha mume ambaye ni fundi saa, mabinti wawili na mtoto wa kiume, wakwe, wajukuu saba na kitukuu mmoja, na dada yake mkubwa, ambaye hakuweza kusafiri lakini ametuma salamu.

Wakati wa kuandika maneno haya watoto walibishana. Wadogo walitaka neno la kupumzika liondolewe, kwa kuwa mama hakulipenda katika uhai wake. Wakamwuliza baba yao. Mzee akasema, "Liacheni. Mimi ndiye niliyelala naye miaka hii yote. Mwenzangu alikuwa amechoka."

Basi na apumzike, kwa amani.